Mama Yangu Mbele ya Foleni

Mwenyekiti alibonyeza kidude chake, picha ikajaa ukuta mzima wa chumba cha mikutano, na mtu wa kwanza kwenye foleni alikuwa mama yangu.

Sikumfananisha na mtu. Nilimjua kwa koti la zambarau la kanisani, ambalo halivai siku ya kazi ila pana jambo, na kwa jinsi alivyoubana mkoba kwapani akiukazia macho mlango wa benki kama mwenye nyumba aliyekuja kudai kodi. Nyuma yake walisimama wasusi wa Kenyatta Market, nusu yao wamenijua tangu nikiwa nabebwa mgongoni. Nyuma ya wasusi walikuwepo wachoma nyama na aproni zao, kisha watu nisiowajua, kisha foleni ikapinda kona ikatoka nje ya picha.

“Hii imepigwa asubuhi hii,” mwenyekiti akasema kwa Kiingereza chake cha polepole. Alikuwa mzee mpole kutoka nchi ya theluji, mtu wa chai ya rangi bila sukari. “Benki haijafungua na watu wamejaa. Jambo hili tunalijua sisi tuliomo humu peke yetu. Nani amelitoa nje?”

Tulikuwa ghorofani katikati ya jiji, watu wazima wa nchi kadhaa, suti na chupa za maji. Nikainua mkono kama mtoto wa shule anayeomba kwenda msalani.

“Huyo wa mbele,” nikasema, “ni mama yangu.”

Sijawahi kuona shingo nyingi zikigeuka kwa pamoja namna ile.

Naomba nirudi nyuma kidogo, maana ukiniona pale tu utanihukumu kama walivyonihukumu wale. Nilitoka chuo kikuu nikaingia benki moja kubwa mjini, na kazi niliyopewa ilikuwa kununua na kuuza dola. Watu husikia hivyo wakafikiri nilikaa dirishani nikihesabu noti. La. Nilikaa kwenye meza ndefu yenye skrini na simu, mimi na wenzangu, tukinunua dola za benki nzima leo kwa matumaini kwamba kesho zitapanda, au tukiziuza kabla hazijashuka. Kazi yenyewe ni ya kelele, lakini mkubwa wangu wa kwanza, mama mmoja mwembamba asiyecheka ovyo, alinifundisha kwamba fedha haipotei kwenye kelele. Hupotea pale mtu anapokuuliza habari za asubuhi nawe ukasita kidogo kabla ya kujibu.

“Ukishika mzigo mkubwa,” aliniambia, “uso wako uwe ule ule wa siku huna kitu.”

Nilijifunza haraka, na nikajifunza pia upande wa pili wake, yaani kuwasoma waliosahau kuficha. Tulikuwa na mteja mmoja mwagizaji wa mbolea, mzee wa maneno mengi, aliyepiga simu kila asubuhi kuuliza dola inaendaje hata kama hanunui. Asubuhi moja hakupiga. Nikamwambia mkubwa wangu kwamba yule mzee ana ununuzi mkubwa na hataki tunuse. Akaniangalia, akanunua dola kwa neno langu. Mchana mzee akapiga, na kweli alitaka nyingi, na bei ikapanda mbele ya macho yetu. Kuanzia siku hiyo nikaitwa sikio la meza. Nilivimba kichwa kwa sifa ile, sikatai.

Miaka ikapita. Nikapanda cheo, nikajenga huko Karen nyumba ambayo mama huiita hoteli isiyo na wageni kwa sababu sijaoa. Kisha nikaalikwa kwenye kamati ya nchi kadhaa inayoandika kanuni za benki zenye matawi ng'ambo: benki kama hiyo ikiyumba, nani aambiwe kwanza, nani abebe hasara, nani anyamaze hadi lini. Wengi wao walikuwa wasomi wa vitabu. Mimi ndiye niliyewahi kukaa kwenye meza ya dola nikatoka jasho, na waliponiuliza kitu nilijibu kwa maringo kidogo. Tulikutana Ulaya kwenye baridi, mara nyingine hapa kwetu.

Kamati ile haikuandika kanuni tu. Benki ya namna hiyo ikiugua kweli, sisi ndio tulioitwa kushauri. Jalada likifunguliwa, unatia sahihi kwamba hutasema neno kwa mtu wa nje. Hiyo ndiyo kanuni. Mimi niliongezea ya kwangu: sitaonekana kabisa. Nilifikiri hivi: mama akiniuliza kama benki fulani iko sawa, na jana nilisema iko sawa, leo nikisema sijui, nimeshamwambia kila kitu. Basi dawa ni nisiulizwe. Jalada likifunguliwa nilikuwa sipokei simu, siendi kwa mama Riruta Jumapili, siingii sokoni. Nilituma ujumbe mfupi: kazi ni nyingi, tutaongea. Jalada likifungwa nilirudi na keki na maneno matamu.

Niliona huo ni uaminifu wa hali ya juu. Hata leo nikikumbuka jinsi nilivyojisifu moyoni, natamani kujipiga kofi.

Mama yangu ana kibanda cha kusuka nywele Kenyatta Market. Nililelewa humo, kati ya moshi wa nyama choma wa safu ya jirani na mvuke wa maji ya moto ya kuchovya ncha za nywele zikishasukwa. Huniita baba, kwa kuwa nimebeba jina la baba yake, na wasusi wake huniita mtu wa benki. Kuna kitu nilikuwa nakiona pale na kukifanyia utani tu. Kila niliporudi baada ya kupotea, kibanda kilikuwa kimejaa pakiti za nywele za kusukia hadi darini, nyeusi, za kahawia, za rangi ya divai, pa kukanyaga hakuna.

“Mama, mmefungua kiwanda?” nilimuuliza siku moja.

“Bei itapanda,” akanijibu, akiendelea kusuka.

“Nani amekuambia?”

“Soko.”

Na kweli bei ilipanda, maana nywele zile huagizwa kwa dola. Nikasema moyoni mama ana bahati. Sikio la meza, bwana! Nimekaa kwenye kigoda katikati ya pakiti zile, nakunywa chai, nasema mama ana bahati.

Mdogo wake mama, ambaye sote tunamwita Anti, huuza mapazia ya mtumba karibu na Adams Arcade. Ni mjane, mpole kuliko mama, magoti yamemchosha kwa kubeba marobota. Mwaka ule alikuwa ameuza nusu ya shamba aliloachiwa na mumewe huko Kikuyu, ili kwenye nusu iliyobaki ajenge vyumba vya kupangisha, astaafu mapazia, akae uani akipokea kodi. Hakuwa na mpango mwingine wa uzee. Fedha hizo zote aliziweka kwenye benki ndogo ya karibu na soko, kwa ushauri wa mama, kwa sababu pale wahudumu wanakujua, na hukai kwenye mstari na matajiri.

Benki hiyo ndogo ilikuwa imefungua matawi nchi za jirani kwa haraka kuliko nguvu zake. Ijumaa moja jalada jipya likawekwa mbele yangu. Nikafungua ukurasa wa kwanza, nikaona jina lake.

Nilifanya linalotakiwa. Nilimwambia mwenyekiti siku hiyo hiyo kwamba nina ndugu mwenye akiba pale. Akaandika, akasema sitapiga kura, nitajibu maswali ya dola tu, na kimya changu kibaki pale pale. Nikakubali. Ilikuwa haki.

Jumapili iliyofuata nilikwenda Riruta kwa mara ya mwisho kabla ya kupotea, kwa sababu nilikuwa nimeahidi. Mama alipika mukimo wa viazi na mahindi ya kuponda, na kitoweo cha mbuzi. Anti alikuwepo, amefurahi, amekuja na mchoro wa vyumba vyake aliochorewa na fundi, akautandaza kando ya sahani.

“Mvua ikiisha tu tunaanza kuchimba msingi,” akasema. “Pesa imelala pale benki inaningoja. Si iko salama, baba?”

Nikainuka kwenda kunawa mikono. Sahani yangu ilikuwa imejaa. Nilisimama kwenye bomba la uani nikanawa kama daktari anayekwenda kupasua mtu, kisha nikarudi nikaanza kuzungumzia mvua. Anti akacheka akasema mvua ya mwaka huu kweli ni kali. Mama hakucheka. Aliniongezea kitoweo bila kuulizwa.

Kisha nikapotea.

Siku zile zilikuwa ngumu kuliko zote nilizowahi kukaa na jalada. Dola za benki ile zilikuwa zimekwisha, na benki kubwa za nje zilikuwa zimekataa kuikopesha hata kwa usiku mmoja. Mama alipiga simu, sikupokea. Akapiga tena. Nikatuma ule ujumbe wangu wa kazi ni nyingi. Anti hakupiga hata mara moja, na hilo sikuliwazia. Kila nilipopita Ngong Road jioni nikielekea Karen nilikuwa naona mapazia yake yananing'inia pale Adams Arcade, nami natazama mbele kama mtu asiyejua mahali. Ningeweza kusimamisha gari. Sentensi moja tu: Anti, katoe pesa zako. Nilikuwa nikiitafuna sentensi hiyo hadi langoni kwangu, kila siku.

Halafu, kwa bahati, mambo yakatengemaa. Benki moja kubwa ya nchi jirani ikakubali kuinunua ile ndogo nzima nzima, madeni na wateja wake, kila mtu na akiba yake kamili. Wakubwa wangetia sahihi Jumamosi, Jumatatu litangazwe, na mteja wa kawaida asingeona tofauti ila rangi ya kibao mlangoni. Kura zilipopigwa mimi niliwekwa nje kwenye korido. Mwenyekiti akatoka akanitikisia kichwa. Nikaenda msalani, nikafunga mlango, nikalia kwa furaha hadi shati likalowa. Nilisema: unaona? Ulinyamaza, na Anti atajenga.

Hiyo ilikuwa Alhamisi. Ijumaa asubuhi ndiyo picha ikajaa ukutani.

Nilipokwisha kusema huyo ni mama yangu, waliniomba simu. Nikaitoa. Kijana wao wa mitambo akaipekua mbele ya wote. Hakukuta kitu. Simu za mama ambazo hazikupokelewa, ujumbe ule ule mfupi, basi. Nilikuwa safi kuliko sabuni, na hilo lilizidi kuwashangaza.

“Hukumwambia?” mwenyekiti akaniuliza.

“Sikumwambia.”

“Hukumwambia hata mtu anayemjua?”

“Hapana, mzee.”

“Basi amejuaje?”

Nilikuwa nimepigwa na butwaa kuliko wao. Tuliendelea kukaa pale, na habari zikawa zinaingia moja baada ya nyingine: foleni imefika barabarani, foleni imeanza tawi la pili, watu wanapiga picha na kurushiana, foleni imeanza hadi ng'ambo. Kufikia mchana benki ilikuwa imetoa fedha yote iliyokuwa nayo. Yule mnunuzi wa nchi jirani akapiga simu akasema kwa upole kwamba hanunui nyumba inayoungua. Jioni milango ikafungwa na bango likabandikwa. Wenye akiba ndogo wangelipwa na bima baada ya muda. Wenye akiba kubwa wangelipwa kipande, kisha wangoje kitakachookolewa, na sote chumbani tulijua maana ya kungoja huko.

Jumamosi nikaenda sokoni. Kibanda cha mama kilikuwa kimechangamka kama siku ya harusi. Wasusi waliponiona wakapiga vigelegele, na mmoja, mnene mwenye mdomo usiofungwa, akanifutia kiti kwa khanga yake.

“Mtu wa benki! Sasa? Leo nyama ni juu yetu!”

“Nyama ya nini?” nikauliza.

“Si umetuokoa! Pesa ya chama chetu cha akiba yote iko nje, hata ya kanisa tumetoa.”

“Mimi nimewaokoa vipi? Mimi sijasema kitu.”

Wakaangua kicheko. Yule mnene akajipigapiga paja. “Ndiyo maana! Wewe ukipotea, sisi tunanunua nywele. Miaka yote hiyo ulidhani tunabahatisha? Ukipotea siku mbili tatu hiyo ni kazi tu. Ukipotea mpaka mama yako apige na usishike, hapo tunajua kuna kitu inakuja, tunastock. Dola ikipanda, tuko na mzigo ya bei ya zamani.”

Nilimgeukia mama. Alikuwa ameshika kichwa cha mteja, vidole vinakwenda vyenyewe, macho kwangu.

“Lakini nywele ni nywele,” nikamwambia. “Hii benki ulijuaje?”

“Baba, uliacha mbuzi,” akasema. “Wewe huachi mbuzi. Anti alitaja benki, ukaenda kunawa mikono na hujamaliza kula. Nikasema haya, ngoja nione kama atapotea. Ukapotea. Nikapiga, hukushika. Nikawaambia hawa tutoe polepole, lakini hawa hawajui polepole.”

Nilikaa kwenye kile kiti kilichofutwa. Mimi niliyemsoma mzee wa mbolea kwa simu isiyolia, nilikuwa nimekaa miaka mingi nikisomwa na wanawake wenye vitana mdomoni, na kila siku ya kimya changu nilikuwa nikipiga kelele soko zima. Na zaidi ya hilo walikuwa wamenisoma vibaya. Kimya kile kilikuwa cha benki inayookolewa. Wao walikimbia kabla mlango haujafunguliwa, na kukimbia kwao ndiko kulikoufunga.

Sikusema hivyo. Niliuliza jambo moja tu.

“Anti ametoa?”

Kicheko kikakatika. Mama akaacha kusuka.

“Nilimwambia mapema,” akasema. “Nilimwambia kabla ya hawa wote. Alikataa. Ongea naye wewe mwenyewe.”

Sikumbuki nilivyofika Adams Arcade. Nakumbuka Anti akiwa amesimama kati ya mapazia, anakunja moja la maua makubwa, kidevu kimelishikilia juu ili mikono ipate nafasi. Aliponiona akaachia kidevu, pazia likaanguka. Kwa mara ya kwanza maishani mwangu hakuniuliza kama nimekula.

“Wamefunga kweli?” akasema.

“Wamefunga, Anti.”

“Mama yako alikuja hapa akaniambia, toa, kijana amenyamaza. Nikamwambia, wewe huyo mtoto humjui. Akiwa na kitu ya kuniambia ataniambia. Hawezi kuniacha.” Aliinama kuokota pazia, magoti yakamkatalia, nikamwokotea. “Ndiyo nilikuwa sikusumbui na simu. Nilisema, kama hajaniambia kitu, basi niko sawa.”

Nimewahi kuona shilingi ikianguka mchana mmoja hadi watu wazima wakatapika kwenye ndoo za takataka. Nimewahi kupoteza fedha za benki ambazo familia yetu yote isingeweza kuzipata ikifanya kazi hadi kiama. Hakuna kilichonipiga kama maneno yale. Mama alikisoma kimya changu kama hatari, Anti akakisoma kama ahadi, nami nilikuwa sijamwandikia yeyote kati yao kitu.

Basi nikasema. Kwa mara ya kwanza tangu niingie kazi hii, niliweka siri ya jalada mikononi mwa mtu wa nje. Nilimwambia Anti, nimesimama katikati ya mapazia ya mtumba, kwamba benki ilikuwa imepata mnunuzi. Kwamba Jumatatu kila mtu angeikuta fedha yake pale pale, na yeye wa kwanza. Kwamba foleni ndiyo iliyoiua.

Sura yake ilibadilika polepole, kama mtu anayesikia maumivu yanakuja lakini hajajua yatatokea wapi.

“Unataka kuniambia,” akasema, “kama mama yako angekaa kwake asuke nywele...”

“Ndiyo.”

Akakaa chini juu ya robota. Mteja alikuja akauliza bei ya pazia, Anti hakumsikia, mteja akaenda zake. Kisha akanishika mkono kwa nguvu ambayo sikujua anayo.

“Usimwambie dada yangu. Unanisikia? Yeye anajua ameokoa wamama wa soko. Mwache na hiyo. Ukimwambia hii nyingine, huyo hatakuwa mtu tena.”

Nikaapa. Nilikuwa nimevunja kimya kimoja, na kabla sijaondoka pale nikawa nimefungwa na kingine.

Mama hajui hadi leo. Hasomi vitabu, anasema maandishi madogo yanamuumiza macho, na Anti ndiye aliyeniruhusu kuandika. Vyumba vya Kikuyu havikujengwa. Ule mchoro wa fundi Anti aliufungia sahani zake alipohama Adams Arcade, maana magoti yalikataa kabisa biashara ya marobota, sasa hukaa kibandani kwa mama akichovya ncha za nywele kwenye maji ya moto. Kile kipande alicholipwa amekiweka benki nyingine. Nilimwomba nimjengee mimi. Akasema kwa upole kwamba hataki nyumba ya kulipwa pole.

Mwenyekiti nilimweleza yote, isipokuwa niliyomwambia Anti. Alicheka hadi machozi yakamtoka, halafu akaona uso wangu, akaacha. Katika toleo jipya la kanuni zetu, ambalo husomwa na wakubwa wa benki wa nchi nyingi, kuna sentensi moja inayosema kwamba mwanakamati aendelee na mazoea yake ya kila siku ya kifamilia wakati wote wa jalada. Wasomi hudhani imetokana na utafiti. Imetokana na mukimo na mbuzi.

Nami naifuata kama amri ya Mungu. Siku hizi nampigia mama kila siku, jalada liwepo, jalada lisiwepo. Naongea juu ya mvua, bei ya sukuma wiki, mchungaji wao mpya. Jumapili nakula hadi mfupa unang'aa.

Juzi lilifunguliwa jalada jipya. Ni la benki ya bara jingine kabisa, ambayo haina hata dirisha Kenya, na mtu wa Kenyatta Market hawezi kuipata hata akiitafuta. Mchana nikampigia mama kama kawaida. Nikamuuliza habari za kibanda. Nikamsimulia juu ya mbwa wa jirani yangu wa Karen aliyekula viatu vya mlinzi. Nikamuuliza kama sukuma wiki zimepanda bei. Nikamuuliza mchungaji alihubiri nini.

Upande wa pili nilisikia maji yakichemka kwenye sufuria la nywele.

“Baba,” mama akasema, “leo umeongea sana.”

Ningesema si benki yenu, ningekuwa nimesema kuna benki. Ningesema hakuna kitu, ningekuwa nimesita, na kusita nilikuwa nimeshasita.

Nyuma ya mama nikasikia sauti ya Anti, aliyejua vizuri kuliko wote pale sokoni foleni inaweza kufanya nini.

“Anasemaje?”

“Anasema mbwa amekula viatu,” mama akamjibu.

Kisha nikasikia kigoda kikisogezwa.

“Haya,” Anti akasema. “Benki haijafunga. Viatu vyangu viko wapi?”